Sauti ya Kumi na Nne

Kila siku ya shule, kabla ya saa mbili asubuhi, Mong'ina alifagia banda la kukamulia, akamwaga ndoo mbili za maji kwenye mfereji wa saruji, kisha akapindua mitungi ya maziwa ishirini na sita, midomo chini matako juu, watoto wapate pa kukalia. Mitungi iliachwa na mzungu aliyeuza shamba akarudi kwao. Banda pia aliliacha, pamoja na vyuma vya kuzuia shingo za ng'ombe, na harufu ya maziwa ya jana ambayo haikutoka hata kwa magadi. Mwaka ulikuwa 1966, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya chekechea ya Nyansiongo upande wa chini.

Mong'ina hakuwa mwalimu wa cheti. Alisoma mpaka darasa la nne, akaolewa. Wazazi walimchagua kwa sababu alikuwa mjane asiye na shamba la kumshughulisha, na kwa sababu watoto walikuwa wakimfuata hata alipokwenda mtoni. Vitabu hakupewa, ubao hakupewa. Alisema yapo masikio, na masikio kila mtoto amekuja nayo mawili kutoka kwao.

Basi akawafundisha muziki, ingawa hakuuita hivyo. Aliuita mchezo wa masikio. Watoto walifumba macho wakatafuta kwanza sauti ya mbali kabisa: lori la maua ya pareto likihangaika kwenye kilima. Halafu ya karibu kidogo: mtu akipasua kuni. Halafu ya karibu kabisa, ambayo mara nyingi ilikuwa tumbo la Makori likidai uji. Wenzake walimcheka Makori, naye akalipiga lile tumbo kwa viganja, likawa ngoma, wakaacha kucheka wakaanza kulijibu. Kila mtoto alichagua sauti moja akaitoa upya kwa mdomo, au kwa makofi, au kwa jiwe juu ya mtungi, na jirani yake akamjibu. Sharti lilikuwa moja tu: usirudie jibu la jana. La jana limeshaliwa, Mong'ina alisema, kama ugali. Na mtoto akipotea katikati, hakuambiwa amekosea. Aliambiwa, "Hebu turudi, tusikie ilikuwa inakwenda wapi."

Watoto ishirini na sita kunyamaza wote kwa pamoja ni kazi ngumu. Daima yuko mmoja wa kukohoa na mmoja wa kumfinya mwenzake. Iliwachukua wiki sita. Siku moja ya mwezi wa Juni, saa tisa alasiri, walinyamaza wote, mpaka wa mwisho, na ukuta wa nyuma ukaanza kuimba.

Zilikuwa sauti za wanaume, na wimbo wao ulikuwa wa kukamua. Kila mmoja alijitaja jina, akamtaja ng'ombe wake, akamwomba ateremshe maziwa. *Mimi Machogu. Malkia wangu, teremsha.* Akafuata mwingine, na mwingine, wote kwa mwendo mmoja wa mikono inayovuta chuchu, na kati ya maneno maziwa yalisikika yakigonga ndoo. Watoto walisikiliza huku wakihesabu kwa vidole. Zilipofika sauti kumi na tatu, pakawa na pengo. Lilikuwa refu kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuishusha. Kisha ikaingia ya kumi na nne.

*Mimi Okemwa. Soksi wangu, teremsha.*

Mong'ina alikuwa ameshika ufagio. Aliuegemeza ukutani polepole, usije ukaanguka ukafanya kelele. Okemwa alikuwa mumewe. Alikufa kwa kichomi wakati wa mvua ndefu za 1963, akazikwa nyuma ya laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, penye mikaratusi.

Nyamusi, binti yake wa miaka saba, aliinua mkono. "Mwalimu, yule wa mwisho amechelewa."

"Ndiyo."

"Amekosea?"

"Hajakosea. Anamngoja ng'ombe."

Akawaeleza. Wakamuaji wengine walishika chuchu mara tu wakaapo. Okemwa alikaa kwanza akaliangalia sikio la Soksi. Sikio likilala nyuma kidogo, ng'ombe amekubali, ndipo alipoanza kuimba. Kwa ajili hiyo aliitwa mvivu, na kwa ajili hiyo ndoo yake ilijaa kuliko za wote.

Kesho yake Machogu akaletwa aje asikie. Alikuwa nyapara wa wakamuaji enzi za mzungu. Sasa alikuwa mzee wa meno matatu, akiishi bado kwenye laini. Alikaa juu ya mtungi, akajisikiliza akiimba ndani ya ukuta, akatikisa kichwa.

"Huyo ni mimi wa kabla ya meno kunihama," alisema. "Ananishinda. Lakini aambiwe aache kumwita Malkia. Malkia alichinjwa kwenye harusi ya mtoto wa katekista, tangu mwaka juzi."

"Hataki kuambiwa," Mong'ina alisema. "Nimejaribu kuongea na wangu."

"Akasemaje?"

"Alikuwa kazini."

Machogu aliona hilo ni jibu la haki.

Wiki ya pili ng'ombe wakaanza kuja. Kundi la mzungu lilikuwa limegawiwa wenye mashamba mapya, na tangu lilipogawiwa lilikuwa likizuia maziwa. Wenye mashamba walijaribu chumvi, walijaribu maji ya moto, mmoja alimsomea ng'ombe wake Zaburi. Sasa ilipokaribia saa tisa ng'ombe walivuka nyua za watu, wakapita kwenye majani ya chai machanga bila kukanyaga hata mche, wakaingia bandani na kutia shingo kwenye vyuma, kila mmoja mahali pake pa zamani. Watoto walisogeza mitungi kuwapisha. Nyuma ya ng'ombe walikuja wenyewe na ndoo. Soksi, mweusi wa miguu minne myeupe, alikuwa sasa wa Nyamongo, mzee wa kanisa la Waadventista mwenye shamba linalopakana na laini. Nyamongo alikamua ndoo mbili siku ya kwanza, akashukuru, akauliza kama shule inahitaji kuni.

Ukuta uliadhimisha Sabato. Kuanzia jua kutua Ijumaa mpaka jua kutua Jumamosi haukutoa kitu, hata watoto walipokuja wenyewe wakanyamaza mpaka masikio yakawauma. Nyamongo alifurahi kiungwana, bila kujionyesha. Wakatoliki waliuliza kwa nini Jumapili unaimba kama siku ya kazi.

Mong'ina hakuacha mchezo uishie kwenye kusikiliza. Aliwaambia watoto kwamba wimbo ule una mlango mmoja ulio wazi, pale kati ya sauti ya kumi na tatu na ya kumi na nne, na mlango ukiwa wazi mtu mwenye adabu hapigi kelele nje, anaingia. Kila siku mtoto mmoja aliingia. Nyanchera aliingia na mlio wa pampu ya maji. Makori aliingia na tumbo. Na ilipopita wiki moja wakagundua kwamba sauti ya kumi na nne haikuwa ikiingia vilevile kila siku. Ilikuwa ikijibu. Baada ya pampu ya Nyanchera, Okemwa aliliimba jina lake kwa kupanda na kushuka kama mkono wa pampu. Baada ya tumbo la Makori aliliimba kwa unene, chini kabisa, na watu wazima waliokuwa wakikamua wakacheka na kuendelea kukamua.

Zamu ya Nyamusi ilifika siku ya mvua. Alikuwa na miaka minne baba yake alipokufa, na sauti yake hakuikumbuka. Aliijua ya ukutani tu. Alitega sikio kwenye bati. Sauti kumi na tatu zikapita. Akaimba tone moja la maji linavyoanguka kutoka kwenye bati, akaacha, akaimba jingine. Ukuta ukakaa kimya. Soksi akalaza sikio. Kisha Okemwa akaingia na tone lake, chini kidogo ya lile la mtoto, na Nyamusi akajibu, na Okemwa akajibu, wakapeana matone hivyo, hakuna aliyeyahesabu, na hakuna tone lililofanana na lingine. Mvua ya nje ilipungua ikawangoja. Ng'ombe wote kumi na watatu waliteremsha maziwa bila kuguswa. Yalitiririka kwenye mfereji wa saruji, meupe, mpaka nje mlangoni. Nyamongo alikuwa amepiga goti moja akiwa na ndoo mkononi, wala hakukumbuka kuikinga. Makori alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili asije akapumua kwa sauti. Mong'ina alisimama pale alipokuwa, mgongo wake ukutani, akawasikia wote wawili, mmoja kwa masikio na mwingine kwa mbavu.

Walipomaliza, Nyamusi alisema, "Ana subira, huyu."

"Ndivyo alivyo," Mong'ina alisema.

Machogu ndiye aliyeanza kusema habari ya orodha. Jioni hiyohiyo alimfuata Mong'ina kwenye laini, akaketi kizingitini.

"Mama Nyamusi, umesikia yale majina?"

"Ninayasikia kila siku."

"Ndiyo yale yaliyokosekana."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka wa 1963, kabla shamba halijakatwa vipande, karani alitumwa kuandika wafanyakazi ili nao wapewe mashamba. Alikuja asubuhi wanaume wakiwa wanakamua, akawauliza wanawake jina la mwenye nyumba. Huku mtu akishapata mtoto huitwa kwa mtoto wake, na mke haliropoki jina la mumewe mbele ya mgeni kana kwamba anamwita mbwa. Mong'ina alijibu kwa heshima kwamba hapo ni kwa baba Nyamusi. Jirani yake alisema kwa baba Makori. Karani, ambaye hakuwa wa huku, alidhani hilo baba ni cheo kama bwana, akaliruka, akaandika Nyamusi, Makori, Nyanchera, kwa mwandiko mzuri, majina kumi na manne. Wakaguzi walipokuja hawakuona mtu mzima hata mmoja mwenye jina kati ya hayo. Wakayakata yote kwa wino mwekundu. Okemwa alikuwa amezikwa wiki tatu kabla hawajafika, katika ardhi ambayo kila mtu alijua karibu itakuwa yake.

Sasa kipande namba ishirini na tisa, chenye laini na mikaratusi na lile kaburi, kilikuwa kimeandikiwa mtu wa Ogembo ambaye hakuwahi kukiona. Laini ingebomolewa mwezi wa Desemba. Okemwa alitoka katika nyumba isiyo na ardhi, na hapakuwa na boma lingine la kumpeleka. Mume huzikwa kwake. Mong'ina alikuwa amekaa miaka mitatu karibu na kaburi ili angalau pawepo na mtu wa kufanya mahali pale paonekane ni kwake.

Nyamongo aliiandikia barua ofisi ya ugawaji wa mashamba kwa niaba yao. Aliandika vizuri, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiandika za kanisa. Alisema majina halisi yapo, na mwenye kutaka kuyathibitisha aje saa tisa alasiri, isipokuwa Jumamosi.

Afisa alifika mwezi wa Septemba, siku ya Alhamisi, katika Landrova ya rangi ya majani. Aliitwa Jeconia Okeyo, mtu wa upande wa ziwani, mrefu, mwenye kofia na faili. Aliwasalimu wote kwa Kiswahili, mmoja mmoja kwa mkono, watoto pia. Kisha akafungua faili akasema kwamba kwa utaratibu lazima kwanza aite orodha iliyopo.

"Nyamusi."

"Hapa."

"Makori."

"Hapa."

"Nyanchera."

"Hapa."

Aliita yote kumi na manne, na vidole kumi na vitatu vidogo vikainuka, na kimoja cha Machogu kwa niaba ya binti yake aliyeko Kericho. Bwana Okeyo aliwatazama juu ya miwani.

"Nyinyi ndio mliokuwa mkikamua hapa mwaka wa sitini na tatu?"

"Mimi nilikuwa nanyonya," Makori alisema.

"Hiyo nayo ni kukamua," Machogu alisema. "Aandikwe."

Afisa alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, Mong'ina akaona huyu ni mtu anayesikia. Alimwekea mtungi. Ng'ombe wakaingia wakajipanga. Mong'ina alikuwa na hofu ya kikohozi tu. Aliwatazama watoto mmoja baada ya mwingine, nao wakafumba macho, wakateremka ngazi kwa ngazi kutoka kwenye lori la kilimani mpaka kwenye pumzi zao wenyewe, wakanyamaza.

*Mimi Machogu. Malkia wangu, teremsha.*

Bwana Okeyo alitoa penseli. Aliandika kila jina lilipotajwa, akiuliza kwa macho, na Machogu akitikisa kichwa kukubali. Ilipopita sauti ya kumi na tatu kukawa kimya, naye akaanza kufunga faili. Mong'ina akamwonyesha kiganja.

"Ngoja."

Akangoja. Nyamusi akaingia mlangoni na sauti ya penseli, kavu na ya haraka, kama panya kwenye karatasi. Soksi akalaza sikio.

*Mimi Okemwa,* ukuta ulisema, kwa mkwaruzo uleule wa penseli. *Soksi wangu, teremsha.*

Bwana Okeyo aliandika Okemwa. Kisha alivua kofia, akakaa nayo magotini mpaka ndoo zote zikajaa.

"Nimesikia," alisema mwishowe. "Majina ni kumi na manne. Yote ni sahihi, na nitaandika kwamba ni sahihi."

"Na namba ishirini na tisa?" Mong'ina aliuliza.

"Orodha ilifungwa, mama."

"Lakini umesikia."

"Nimesikia. Ningekuwa kiziwi ningekwambia sikusikia, ungenielewa." Aliigeuza kofia. "Masahihisho yalipokewa kwa siku tisini. Siku tisini zilikwisha mwaka wa sitini na tatu. Baada ya hapo hakuna fomu. Nikisema ukuta umeimba, watauliza umeimba tarehe ngapi."

"Sisi hatukuambiwa kuna siku tisini."

"Ziliandikwa kwenye ubao wa ofisi."

"Ofisi iko wapi?"

Akamtajia. Ilikuwa mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu. Mong'ina alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa njia, akamletea maziwa kwenye kikombe. Bwana Okeyo alikunywa yote, kwa sababu kukataa kungekuwa vibaya zaidi. Mlangoni alisimama tena.

"Yule wa mwisho," alisema. "Anangoja nini?"

"Anangoja kukubaliwa."

Afisa alivaa kofia. Baada ya mwezi ikaja barua iliyopigwa taipu, na Nyamongo akaisoma mbele ya wote. Ilisema kwamba madai yamechunguzwa na kuonekana ni ya kweli. Kwamba mgawo wa mashamba hautabadilika. Na kwamba jengo lina sauti nzuri na linafaa kuendelea kutumiwa kama shule. Makori aliuliza kama sasa anaweza kuacha kuwa mfanyakazi. Aliambiwa anaweza.

Laini ilibomolewa wiki ya pili ya Desemba. Machogu alienda kwa binti yake Kericho, kwenye mashamba ya chai, akiwa amebeba kigoda chake cha kukamulia. Watu wa yule wa Ogembo walileta mawe ya msingi. Nyamongo alimwahidi Mong'ina kwamba atazungumza na jirani mpya, kaburi lisilimwe, na alizungumza naye kweli, na jirani akasema ataona. Nyamusi alifundisha mchezo wa masikio kwa watoto wa wenye mashamba mpaka siku ya mwisho. Mwezi wa Januari wakaletewa mwalimu wa cheti aitwaye Marion, aliyekuja na ubao na rula. Aliwapigia rula mezani ili waimbe kwa pamoja, na walipofika kwenye lile pengo watoto wote wakanyamaza. Akawauliza wanangoja nini. Wakamwambia anyamaze kidogo, ataona. Siku hizi naye hungoja. Ng'ombe wanakuja, ndoo zinajaa, na yule wa Ogembo amenunua ng'ombe wawili wa uzao wa Soksi.

Mong'ina na Nyamusi wako Magwagwa, kwa Ishmael, kaka yake Mong'ina, kwenye chumba cha nyuma ya jiko. Ishmael si mtu mbaya, hawahesabii chakula. Ndugu hukubaliwa akae, hata kama si kwake. Mong'ina hulima migomba ya kaka yake kwa jembe la wifi yake, na Nyamusi hufuata nyuma akitoa magugu.

Ikikaribia saa tisa wote wawili hukaa kimya bila kuambiana. Kwanza wanasikia lori la mbali. Halafu mtu anayepasua kuni. Halafu majani ya migomba. Halafu, kutoka Nyansiongo, mwendo wa siku nzima kwa miguu, wanaume wanaanza kujitaja, mmoja, wa pili, wa tatu. Kwa sauti ya kumi na tatu Mong'ina huwa ameinua jembe, akaliacha hapo juu. Halishushi. Nyamusi huimba kidogo, neno tofauti kila siku.

Kisha Okemwa anaingia, amechelewa, na jembe linashuka kwenye udongo wa Ishmael.